Wateja wangu wanaibiwa akaunti baada ya kutumia kompyuta ya steshenari yangu

Swali

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Ninaendesha steshenari mjini Morogoro, jirani na hosteli za wanafunzi. Kazi zetu ni zile zinazojulikana: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, na kuwasaidia watu kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya kazi kwenye Ajira Portal na fomu nyingine ambazo siku hizi hazijazwi tena kwa karatasi. Nina kompyuta tatu. Inayotumika zaidi ni ile iliyo karibu na printa, kwa sababu hapo ndipo wateja hukaa wenyewe, wakafungua barua pepe au WhatsApp zao na kutoa kazi wanazotaka zichapwe.

Miezi michache iliyopita fundi alinipigia Windows upya katika kompyuta hiyo, akaweka na Word, kisha akaendesha programu ndogo ya kuifanya Windows isidai leseni. Kabla ya kuiendesha alizima ulinzi wa kompyuta, akanieleza kwamba antivairasi huizuia programu ile bila sababu yoyote, na kwamba nisiuwashe tena ulinzi huo kwa kuwa Windows itarudi kudai leseni. Nilimwamini, maana ni kijana anayehudumia maduka mengi ya mtaa huu na kazi yake husifiwa.

Tangu hapo nimepata malalamiko. Mwanafunzi mmoja alikuja akilia kwamba barua pepe yake, ambayo ndiyo aliyoombea mkopo, imebadilishwa nywila na namba ya simu. Mwalimu mmoja amekuta akaunti yake ya Facebook inawaomba watu fedha kwa jina lake. Haikupita muda na mimi nikapokea taarifa kwamba akaunti yangu ya Gmail imefunguliwa kutoka nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Nilibadilisha nywila saa ileile, papo hapo kwenye kompyuta, lakini baada ya siku chache ikafunguliwa tena. Sote watatu tulitumia kompyuta hiyohiyo ya karibu na printa.

Nimesikia kwamba zipo programu zinazorekodi kila herufi mtu anayobonyeza. Nimetazama orodha ya programu zilizomo, sioni kitu kigeni, na kompyuta wala haijawa nzito. Fundi anasema ataweka antivairasi nyingine ya bure aisafishe. Mtu mwingine amenishauri wateja watumie kibodi ya kwenye skrini, wabofye herufi kwa mausi. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenipa mtaji, anasisitiza kwamba nisimwambie mteja yeyote, kwani habari ikienea nitafunga duka. Naomba unisaidie: nitajuaje kwamba kompyuta ina programu hiyo, nifanye nini ili jambo hili lisitokee tena, na je, ni lazima niwaambie wateja?

Mwenye steshenari, Morogoro

Jibu

Marahaba, mdogo wangu.

Swali lako la mwisho nitalijibu kwanza, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Ndiyo, waambie, na uwaambie leo. Anayeshika barua pepe ya mtu anaweza kwenda kwenye akaunti zake nyingine, akabofya sehemu ya kusahau nywila na kupokea mwenyewe ujumbe wa kuibadilisha. Kwa hiyo mwanafunzi yule hajapoteza barua pepe peke yake. Kila akaunti aliyoifungua kwa anwani ile iko hatarini, na kila siku inayopita bila wateja wengine kujua ni siku ambayo mwizi anaendelea kuzipitia nywila zao kwa utulivu. Kabla hujaendelea kusoma, ichomoe kompyuta hiyo kwenye mtandao, uizime, na usimruhusu mtu yeyote kuikalia.

Kwa maelezo uliyoyatoa, nina hakika ya kutosha kwamba kompyuta hiyo ina programu ya ujasusi, na chanzo ninachokishuku kuliko vingine vyote ni ile programu ndogo ya kuondoa madai ya leseni. Mtengenezaji wa programu kama hiyo anapata kitu ambacho wezi wengine hukitafuta kwa shida: mwenye kompyuta anazima ulinzi kwa hiari yake, anaipa programu mamlaka yote, kisha anaambiwa asiuwashe ulinzi tena. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi watu waliokuwa wakitafuta KMSPico, mojawapo ya programu maarufu za aina hiyo, walivyopakua faili lililobeba programu ya wizi iitwayo CryptBot. KMSPico yenyewe iliwekwa na ikafanya kazi kama walivyotarajia, na ndiyo maana hawakushtuka. Fundi wako anaweza kuwa hajui kabisa alichokileta dukani kwako. Hilo linampunguzia lawama, lakini wateja wako hawapati nafuu yoyote kwa yeye kutokujua.

Umeuliza kuhusu programu inayorekodi herufi, nami nitaiita kinasa vibonye. Ipo kweli, na hufanya kama ulivyosikia: inakaa kimya, inaandika kila kibonye kinachobonyezwa, kisha inampelekea mwizi aliyeitengeneza au kuisambaza maandishi hayo kwa njia ya intaneti. Lakini programu za wizi zinazosambaa siku hizi hazingojei mtu aandike. Zikishaingia tu, hukusanya kwa dakika chache nywila zote zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari. Fikiria ni wateja wangapi wamekaa kwenye kompyuta ile, wakaulizwa na Chrome kama nywila ihifadhiwe, wakabofya kukubali bila kusoma kwa kuwa nyuma yao kulikuwa na foleni. Nywila hizo zote zimo humo, pamoja na za watu ambao hawajafika dukani kwako tangu mwaka jana, ikiwa fundi alirudisha taarifa za zamani za kivinjari baada ya kupiga Windows. Wanaotahadharishwa kwa hiyo si wateja wa juzi na jana pekee.

Kuna kitu kingine kinachoibwa, nacho ndicho kinachoweza kueleza kwa nini akaunti yako ilifunguliwa tena baada ya wewe kubadilisha nywila. Mtu anapoingia kwenye akaunti, tovuti huweka katika kivinjari chake faili dogo liitwalo kuki, mfano wa muhuri unaogongwa mkononi mlangoni mwa ukumbi, ili akitoka na kurudi asidaiwe tiketi mara ya pili. Mwizi akiinakili kuki hiyo, mara nyingi huingia bila kuulizwa nywila wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Inawezekana pia kwamba nywila mpya uliyoiandika ilinaswa palepale ulipokuwa ukiiandika. Njia zote mbili zinaonyesha jambo moja: kubadilisha nywila ndani ya kompyuta iliyoathirika hakumfungii mwizi mlango.

Sasa utaona kwa nini kibodi ya kwenye skrini haitoshi. Mengi ya madude haya hupiga picha za skrini, husoma yaliyonakiliwa kwa ajili ya kubandikwa, na huchukua yaliyojazwa kwenye fomu kabla hayajatumwa. Mteja atabofya herufi kwa mausi, atachelewa, foleni itarefuka, na nywila yake itaondoka vilevile. Wala usiongozwe na wepesi wa kompyuta. Programu ya wizi iliyoandikwa vizuri haitaki kukuchelewesha, haijitokezi katika orodha ya programu, na nyingine hujifuta zenyewe zikishamaliza kukusanya. Tatizo hili ni la dunia nzima: kati ya Machi 16 na Mei 16, 2025, Microsoft ilitambua kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizokuwa zimeingiliwa na programu moja tu ya wizi wa taarifa iitwayo Lumma.

Kabla hatujafika kwenye matengenezo, geuza kompyuta zako zote uangalie nyuma. Kipo kinasa vibonye cha aina nyingine, kifaa kidogo chenye umbo la kichwa cha USB, kinachochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta. Hakuna antivairasi iliyotengenezwa kwa ajili ya kukigundua kifaa cha namna hiyo, lakini jicho la mtu hukiona. Ujanja huu ni wa zamani kuliko kompyuta za mezani tunazozitumia: mwaka 1984 Wamarekani waligundua kwamba taipureta 16 za IBM katika ofisi zao za kibalozi kule Moscow na Leningrad zilikuwa zimefichwa vifaa vya Kisovieti vilivyonasa kilichokuwa kikichapwa. Katika duka ambalo watu wengi hukaa kwenye kiti kimoja kwa siku, jizoeze kuangalia waya wa kibodi kila asubuhi unapofungua.

Kuhusu ushauri wa fundi wa kuweka antivairasi nyingine aisafishe, ninaukataa. Programu ya ujasusi iliyopewa mamlaka yote ya kompyuta inaweza kuwa imebadilisha mipangilio ya ulinzi, imejiandikia ruhusa ya kutokaguliwa, au imeleta nyingine ambazo antivairasi haizitambui. Ukaguzi ukisema hakuna kitu, hutakuwa na njia ya kujua kama ni kweli, na wewe unakalisha wateja hapo. Nunua diski mpya ya SSD, hata ile ndogo, uiweke mahali pa ile ya zamani. Kompyuta yenyewe itapata kasi, na diski ya zamani utaitia kwenye bahasha uihifadhi bila kuiwasha tena, kwa sababu ukienda polisi hicho ndicho kielelezo chako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ni kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta au kunasa mawasiliano bila kibali. Wewe, mwanafunzi na mwalimu mnaweza kutoa taarifa pamoja, na ni vema mkaenda pamoja, kwa kuwa maelezo ya watu watatu waliotumia kompyuta moja yana uzito kuliko ya mmoja.

Katika diski mpya kuna njia mbili za halali. Ya kwanza ni kununua leseni ya Windows na kuipakua Windows yenyewe kutoka tovuti ya Microsoft kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama, si kutoka kwenye flashi ya fundi. Kumbuka kwamba Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani, kwa hiyo uliza kwanza kama yako inafaa kabla ya kutoa fedha. Njia ya pili haina gharama ya leseni: weka Linux, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, pamoja na LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi nyaraka za Word. Kwa kompyuta ambayo wateja huitumia kufungua barua pepe, kujaza fomu na kuchapa, mimi ningechagua hii. Mpangilio wa baadhi ya nyaraka unaweza kusogea kidogo, hivyo mwombe mteja alete kazi yake ikiwa PDF inapowezekana, na uhakikishe mapema kwamba printa na skana yako zinakubaliana na mfumo huo.

Kompyuta mbili zilizobaki usizisahau. Ikiwa programu ileile ya leseni iliendeshwa humo, nazo zihesabu kuwa zimeathirika. Ikiwa haikuendeshwa, washa ulinzi wa Microsoft Defender uliomo ndani ya Windows, uusasishe, kisha uchague ule ukaguzi unaoizima na kuiwasha upya kompyuta ili kukagua kabla Windows haijaamka, kwa sababu wakati huo programu ya ujasusi inakuwa bado haijapata nafasi ya kujificha.

Akaunti ziokolewe kwa mpangilio, na mpangilio huu uwaeleze wateja wako neno kwa neno. Mtu atumie simu yake mwenyewe au kompyuta nyingine asiyoishuku. Aanze na barua pepe: abadilishe nywila, kisha abofye sehemu ya kuondoka kwenye vifaa vyote, maana hatua hiyo ndiyo inayokusudiwa kuzibatilisha kuki zilizoibwa. Baada ya hapo aangalie kama namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti bado ni zake, na aingie katika mipangilio kuona kama kuna agizo la kupeleka nakala za ujumbe wake kwenye anwani asiyoijua. Wezi hupenda kuacha agizo hilo, na mwenye akaunti huendelea kusomwa miezi mingi baada ya kudhani ameshamaliza. Ndipo awashe uthibitisho wa hatua mbili, na kama simu yake inaruhusu, atumie programu ya kutoa namba za uthibitisho badala ya ujumbe mfupi. Akishamaliza barua pepe ndipo aende kwenye benki, mitandao ya kijamii na tovuti za maombi, akiweka nywila tofauti kila mahali. Kwenye WhatsApp afungue orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa kila asichokitambua, ikiwemo kompyuta yako.

Hapo kwenye WhatsApp ndipo ningependa ubadilishe utaratibu wa duka zima. Mteja hana haja ya kufungua WhatsApp yake au barua pepe yake kwenye kompyuta yako ili tu uchape kurasa mbili. Weka namba moja ya duka na anwani moja ya barua pepe ya duka, uziandike kwa herufi kubwa ukutani, na mteja atume faili kutoka kwenye simu yake. Hatari kubwa ya kazi ya kuchapa inaondoka hapo, maana nywila ambayo haikuandikwa dukani haiwezi kuibiwa dukani. Kwa wale wanaolazimika kuingia kwenye akaunti ili kujaza maombi, fungua kivinjari katika dirisha la faragha, ambalo likifungwa halibaki na kuki wala historia, na uzime kabisa uwezo wa kivinjari kuhifadhi nywila. Elewa mpaka wa kinga hiyo: dirisha la faragha linamlinda mteja dhidi ya mteja anayemfuata, halimlindi dhidi ya kinasa vibonye. Kwa ajili ya hicho, wateja watumie akaunti ya kawaida ya kompyuta isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na nywila ya msimamizi uijue wewe peke yako. Flashi za wateja zikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Kiambatanisho kinachokuja kwenye barua pepe ya duka kikijiita ankara au oda kutoka kwa mtu usiyemtarajia, usikifungue hadi umpigie simu aliyekituma, kwa sababu vinasa vibonye vingi husambazwa kwa njia hiyo.

Nimegusa nywila kwa kirefu, lakini lipo folda ambalo wenye steshenari wengi hawalifikirii, nalo ni lile linalopokea faili zilizoskaniwa na zilizopakuliwa. Bila shaka humo kuna vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule vya mamia ya watu, na programu ya ujasusi inaweza kuvibeba kama inavyobeba nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, asikae nazo kwa muda usiohitajika. Futa faili hizo kila jioni kabla ya kufunga, na uwasiliane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ueleze kilichotokea na uulize wajibu wako ni upi. Ni afadhali wakusikie kutoka kwako kuliko kwa mteja aliyeumia.

Sasa kuhusu kaka yako. Ninauelewa wasiwasi wake, kwani mtaji ni wake na anaogopa kuupoteza. Lakini wateja wawili wameshaibiwa, wote wanakaa mtaa mmoja, na wanafunzi huzungumza. Watafika wenyewe kwenye jibu kwamba kilichowaunganisha ni kiti kimoja karibu na printa. Wakigundua kwamba ulijua ukanyamaza, hawatakuhesabu tena kuwa ulidanganywa na fundi kama wao walivyodhurika, watakuhesabu kuwa mshiriki. Mwoneshe aya hii, na umwambie kwamba gharama ya SSD na ya siku chache za kompyuta kusimama ni ndogo kuliko ya kulijenga upya duka lililokwisha kusemwa vibaya.

Fundi naye mwambie ukweli, kwa faragha na bila ukali. Muulize ni maduka gani mengine ameendesha humo programu hiyo, na umsihi ayaarifu, kwa sababu kila moja lina wateja wake.

Tangazo lako lisiwe refu wala lisifiche neno. Unaweza kuandika hivi, ulitume kwa wateja ambao namba zao unazo na ulibandike mlangoni: "Ndugu wateja, tumebaini kwamba kompyuta ya karibu na printa huenda ina programu inayoiba nywila. Tumeiondoa kwenye huduma. Ikiwa uliwahi kuingia kwenye barua pepe, WhatsApp au akaunti yoyote kupitia kompyuta hiyo, tafadhali tumia simu yako kubadilisha nywila leo, ukianza na barua pepe, na uondoke kwenye vifaa vyote. Anayehitaji msaada wa kufanya hivyo aje, tutamsaidia bila malipo." Sentensi hiyo ya mwisho itekeleze kweli. Tenga saa kadhaa kila siku kwa juma zima, wakae na simu zao mbele yako, na umwanze yule mwanafunzi: aingie kwenye ukurasa wa kurejesha akaunti akiwa na simu yake mwenyewe, kwani watoa huduma hukitambua kwa urahisi zaidi kifaa ambacho mwenye akaunti amezoea kukitumia. Wakati huohuo mwende naye kuitaarifu Bodi ya Mikopo kwamba barua pepe iliyoandikwa kwenye maombi yake imeshikwa na mtu mwingine.